Nafasi Iliyookolewa na Herufi

Sofia, 3 Februari 2014

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui kama kifua chako kimepatana na baridi ya Gabrovo au bado vinagombana.

Ndani ya bahasha mna herufi za kuchonga kwenye jiwe la kaburi la mama. Tuelewane kwanza: herufi nyembamba si herufi pana iliyobanwa. Ni herufi iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, unene wa kila mstari ukapimwa upya ili isikose pumzi. Hizi hazina mikia, yaani vile vistari vya pambo mwishoni mwa mistari, na kila ncha ni ya mviringo. Nilizichora kwa ajili ya vibandiko vya chupa za dawa. Mama alizisoma bila miwani hadi wiki yake ya mwisho. Jiwe ulilonunua halina upana, na Velislava Hristoskova ni jina refu. Naomba asomeke kwa herufi hizo.

Mwanao, Nevena

Gabrovo, 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, nami nakisikiliza.

Nimecheka. Watu hututania kwa ubahili, kwamba Gabrovo tunakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke. Sasa wewe umezikata herufi! Lakini patasi huacha kona. Kuviringisha kila ncha ni kusugua hadi sugu iote juu ya sugu. Nimechukua herufi zangu za siku zote nikazibana. Tazama nakala. Tofauti iko wapi?

Baba yako, Dobri

Sofia, 1 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya yangu njema. Subira yangu mahututi.

Tofauti ni hii: ulipozibana, mistari iliyosimama imekonda, iliyolala imebaki minene. Ni kama mtu aliyebanwa mlangoni. Usimbane mama hivyo. Kama kusugua kumekushinda, nitatafuta mchongaji mwingine.

Mwanao, Nevena

Gabrovo, 9 Machi

Mchongaji mwingine? Kwa mke wangu? Haya, nimesikia.

Baba yako

Gabrovo, 18 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi navuta pumzi kwa zamu.

Jiwe limekwisha, kabla mwaka wa kifo cha mama yako haujatimia. Picha hiyo. Kila ncha nimeisugua, usiulize vidole. Ila herufi zako ni bahili kuliko sisi! Nusu ya jiwe ilibaki tupu, na kwetu kitu hakitupwi. Nimechonga na jina langu.

Baba yako, Dobri

Sofia, 27 Mei

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingine.

Najua ni desturi: makaburini kwetu majina ya waliobaki hai huchongwa mapema yakawasubiri wenyewe. Lakini niliokoa nafasi ile ili mama apumue, si ili nikutandikie kitanda. Umeandika 1947, kisha kistari, kisha pengo la mwaka wa kufa. Nimelipima pengo hilo kwenye picha. Tarakimu nne za mtindo wako mpana hazienei. Zangu zinaenea barabara.

Mimi sijawahi kushika patasi, nawe hukuwahi kunifundisha. Sasa nijibu, Baba: pengo hilo umemwachia nani?

Mwanao, Nevena