Kasereka Aliyepotea Kwenye Filamu

Mjukuu wangu Masika,

Nakusalimu kutoka Beni. Magunia ya kakao yanachosha mgongo, lakini ninakula na kulala. Nimesikia maharagwe ya mama yako huko Musienene yamezaa vizuri, nimefurahi.

Unaniuliza kama usome kile kitabu cha kuchekesha au uangalie filamu yake tu. Hata mimi nimechanganyikiwa. Nilipoacha shule, dada yangu Kahindo alinisomea riwaya hiyohiyo, ya kijana aliyenyoa ndevu ambazo bado hazijaota, huku kaka zake wawili wakubwa wakimcheka mlangoni. Kwa kuwa kijana huyo alikuwa mtoto wa kiume wa tatu, na kwetu wa tatu huitwa Kasereka, Kahindo alimpa jina hilo, kama langu. Nilicheka mpaka machozi.

Kisha parokia ikaonyesha filamu yake. Wale kaka walikuwa wameondolewa.

"Kasereka eko wapi?" nikauliza.

"Ni ule, we mujinga!" Kahindo akanijibu.

"Ule ni Paluku, wa kwanza. Hana mukubwa hata mumoja."

"Mais nyamaza, batu banatuangalia!"

Kijana akanyoa peke yake, na ukumbi ukacheka. Mimi niliendelea kuutazama mlango uliokuwa nyuma yake.

Unajua kaka zangu wawili hawapo tena. Nimebaki peke yangu, na hapa kazini bado wananiita Kasereka. Sijui kama filamu ilikosea. Lakini soma kitabu kwanza, ili ukiiangalia ujue nani hayupo.

Ni mimi koko wako,
Kasereka