Siku Baba Alipofungua Kizuizi

Nyumbani, kando ya kizuizi
Ijumaa, mvua zinaelekea kuisha

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi tunajikongoja. Shangazi anaugua magoti, ila mdomo wake haujaugua hata siku moja. Wanangu wanauliza kama bado unafuga zile ndevu za mbuzi.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Mama ametutoka, nawe hukuwa na njia ya kuja kumzika. Sikukueleza ilivyokuwa, maana tulikuwa tunalia wote wawili. Leo nakueleza. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Kazi ya Baba unaijua, maana iliwahi kukuumiza. Mvua ikinyesha anashusha lile gogo la chuma; magari madogo yanapita pembeni, malori yanasubiri mpaka changarawe ikauke. Lori moja kwenye barabara iliyolowa huharibu kazi yote ya kusawazisha iliyofanywa na greda. Hata lori lililobeba nyanya zako alilizuia, zikaoza akiziona, ukaondoka ukisema Baba anaipenda barabara kuliko watu. Maneno hayo hajayasahau.

Siku ile, baada ya chakula cha mchana, Mama alianza kushindwa kupumua. Nilipiga simu zahanati, wakasema gari lao dogo litakuja, lakini hawakusema lini. Pale kizuizini palikuwa na lori la saruji. Dereva wake, yule Bonge mwenye kicheko kikubwa, hakuwa akicheka. Akamwambia Baba, "Mzee, mpakie Mama twende. Unasubiri nini?"

Baba aliitazama barabara, akamtazama Mama, akafungua. Tangu nipate akili sijawahi kumwona akilifungulia lori kwenye mvua.

Lori lilizama kwenye tope bondeni, pale kwenye kalvati la kupitisha maji, likakaa kimshazari na kuziba njia. Nilikuwa nimempakata Mama. Mara tukaona gari la zahanati linakuja kutoka upande wa pili. Halikuweza kupita. Muuguzi alishuka akakimbia kwenye tope, viatu vikabaki humo humo. Alipotufikia, Mama alikuwa ameshakwenda.

Hilo ndilo linalomla Baba. Anasema angesubiri, gari lingefika mlangoni. Tumemwambia ni kudra ya Mungu, majirani nao wamemwambia. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: tukishamwambia tunakwenda kula, yeye hali.

Baada ya mazishi alikuja yule mkaguzi tunayemwita Bibi Kipimo. Hajaajiriwa na ofisi ya barabara. Analetwa kutoka nje ili aikague, ndiyo maana wakubwa wakimwona hunyoosha tai. Kila mwaka alikuwa anakisifu kipande chetu, na Baba anajifanya hajali huku akimwongezea chai. Safari hii alipima mitaro iliyochimbwa na magurudumu, akauliza lori lilipitaje. Bosi wa Baba akadakia kwamba dereva alivunja kizuizi.

"Hapana," Baba akasema. "Nilifungua mimi. Nilikuwa namwahisha mke wangu."

Bibi Kipimo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Pole sana, mzee. Lakini itabidi niandike."

"Andika, mwanangu. Ndiyo kazi."

Hawakumfukuza. Greda haiji mpaka msimu ujao, kwa hiyo kila asubuhi anakwenda bondeni na koleo na toroli kufukia mitaro ile, ingawa hakuna aliyemtuma. Naumia sana kumwona.

Jana yakaanza manyunyu. Nilimkuta ameshika kamba ya lile gogo, hajui alishushe au aliache. Nilimwondolea kamba mkononi taratibu, nikalishusha mimi.

Sikuombi pesa, mdogo wangu, wala nauli. Mwandikie Baba. Sisi akitusikia anajua tunamhurumia tu. Wewe uliyeozewa na nyanya, akikusikia ataamini. Mwambie hata wewe ungefungua.

Shangazi anakusalimu, na muuguzi pia. Hajarudia viatu vyake, Baba amevisafisha na kuviweka dirishani. Msalimie mkeo. Mungu akutangulie kila njia unayopita, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye naye angefungua.