Meno ya Mgeni wa Liechtenstein

Malindi, Jumanne usiku, 1984

Ndimu nimejaribu, majivu nimejaribu, na meno ya mzungu wangu bado mekundu!

Kwao ni Liechtenstein, kinchi kidogo huko Ulaya kinachouza stempu, mashine na meno ya bandia. Yeye ni wa meno. Kesho aenda kuwaonyesha madaktari wa Mombasa yale aliyoyavaa mwenyewe, nami ndiye mkalimani wake.

Leo nilimleta nyumbani. Bibi akamkaribisha tambuu, naye akatafuna kwa adabu mpaka ikaisha.

Naona kibarua changu kitaota nyasi.

Nimemlaumu Bibi, naye ni kibogoyo. "Nilitaka kumwagiza na mimi aniletee," akanijibu. "Lakini meno yasiyostahimili hata tambuu, mjukuu wangu, ni ya kazi gani? Mwambie arudi nayo kwao."