Kaka Zangu Wana Mikono

Jumatatu, 3 Machi

Soko la Shahe, hapa Guangzhou, tangu alfajiri. Kuta zinatoa jasho, sakafu zinateleza, marobota yananuka ukungu. Laoban wa magauni hataki kushusha bei. Bado nabishana na bosi huyo, kaka Julius akapiga kutoka Babati. Baba kapata kiharusi. Upande wa kushoto haufanyi kazi. Nimelia chooni, kisha nikarudi kumalizia kununua mzigo wa wateja wangu wa nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha ukoo kimekaa. Sikuulizwa, nimeletewa uamuzi. Nifunge kazi, nirudi kumuuguza Baba. Nikamuuliza Julius, si anaishi naye ua mmoja?

"Mwanamume haogeshi mgonjwa. Na wewe huna mume wala mtoto. Unang'ang'ania nini huko Guangzhou?"

Walipotaka bati za nyumba zao, hii ilikuwa kazi. Leo ni kung'ang'ania.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanamke Mkorea wa ghorofa ya juu, mnunuzi wa vitambaa, kanikuta kwenye lifti macho yamevimba. Tukaongea kwa Kichina chetu kibovu. Akauliza kama nina kaka. Wawili. Akacheka vibaya. Yeye anao watatu, lakini mama yao alipougua, aliyeitwa arudi nyumbani ni yeye tu. Hakurudi. Hawamsemeshi hadi leo.

Nikamuuliza kama anajuta.

"Siku za sikukuu," akasema.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaambia sirudi. Nitaajiri mtu wa kumsaidia Baba. Wamekataa: mgeni kuingia chumbani kwa mzee wao ni aibu. Sasa wamemgeukia mdogo wangu Editha, aache ualimu Katesh.

Nikampigia. Nilidhani nitamkuta analia.

"Dada, nimeshawaambia hapana. Nilichokuwa naogopa ni wewe kukubali."

Alhamisi, 13 Machi

Julius katuondoa kwenye kundi la familia, mimi na Editha. Tumekuwa watu wasio na kwao.

Jioni Editha kaniambia kingine. Siku zote hizi aliyekuwa akimgeuza Baba na kumfulia mashuka ni mke wa Julius. Kikao hakikumtaja. Hata mimi sikumtaja. Leo kafunga mizigo, kaenda kwa mama yake.

Jumamosi, 22 Machi

Baba kaomba nipigiwe simu, aongee nami. Maneno yanatoka nusunusu. Nilijiandaa kwa laana.

Akasema Julius ndiye anamwogesha sasa. "Anamwaga maji mengi. Yananiingia masikioni."

Nikamuuliza kama amenikasirikia. Nikasikia mtu akimpangusa mdomo.

"Ungekuja, ningefurahi."

Basi. Hakunilaani, hakunisamehe. Nikamwambia apumzike.

Mvua nje. Nimepika wali, nikala nimesimama dirishani.