Jodari wa Lurambi

Mombasa

Baba mpendwa,

Mulembe nyumbani Malinya. Kifua chako kimetulia tangu mvua zianze? Na Mama, goti linamruhusu kufika kanisani? Mimi mwili ni mzima ila roho imechoka, na leo nakueleza yote mwenyewe, maana ukiyasikia kwa wengine yatafika yamepinda.

Kazi yangu unaijua: kuchora ramani ya mahali jodari wanapopatikana baharini. Manahodha huandika katika madaftari yao walikovua, nami naweka nukta kwenye karatasi. Mwaka huu tumeongezewa vitu viwili. Meli chache zimefungwa kijisanduku kinachoipigia setelaiti ishara ya mahali meli ilipo, na setelaiti nyingine inatuletea picha za joto la maji. Jodari hupenda pale maji ya moto yanapokutana na ya baridi, kwa hiyo ukilaza zile ishara juu ya picha ya joto, unaona wazi samaki walipo.

Shida ni kwamba madaftari yanasema mengine kabisa. Nahodha mmoja mzee aliandika latitudo na longitudo zake, nikapima, nukta ikaangukia Lurambi, hapo kwetu Kakamega. Wewe uliyetufundisha jiografia kwa chungwa na kalamu, hebu fikiria meli nzima ikivua jodari katikati ya mahindi ya watu.

Nilimfuata bandarini nikidhani amekosea tarakimu. Hata haya hakuona. "Binti," akaniambia, "nikiandika mahali pangu pa kweli, wiki ijayo meli zote zitakuwa pale. Wewe weka unapotaka." Kumbe miezi yote hii nimekuwa nikichora uongo wa watu kwa rula.

Nikamweleza mkuu wangu. Akasema wageni kutoka wizarani wanakuja Ijumaa, wakati hakuna, nipeleke ramani ile ile ya madaftari. Nikamwomba angalau tufute ya Lurambi. Akaniita mbishi, akaniambia kama nina ramani nyingine nisithubutu kuileta. Basi nikachora nyingine kimyakimya, kwa ishara za setelaiti na joto la maji peke yake, nikaiviringisha na kuiweka chini ya meza.

Siku ilipofika, mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliweka kidole juu ya ile nukta akauliza kama siku hizi Kakamega kuna bahari. Watu wakacheka. Mkuu akanigeukia akasema mchoraji ndiye huyu. Basi, Baba, nikasema, "Nilichora mbili. Ya kweli ni hii, na nilikatazwa kuileta." Nikaikunjua mezani.

Waliinamia wakaichunguza mpaka chai ikapoa. Unadhani nilishukuriwa? Jumatatu niliikuta imeshapigwa chapa, na chini yake jina la mkuu peke yake. Tena likizo yangu ya harusi ya Japheth, aliyoitia sahihi kwa mkono wake, ameifuta. Eti zinatakiwa ramani zaidi na ni mimi tu ninayejua kuzichora. Nilipomkumbusha harusi, alisema harusi ziko nyingi.

Mdogo wangu wa kiume ni mmoja. Nimemwandikia mkuu kwamba wiki ya harusi, Alhamisi, nitapanda basi, atake asitake. Mpaka leo hajajibu.

Nisalimie Mama, na bibi yetu Kukhu, umwambie kitambaa chake cha kichwa nimekipata. Salamu kwa shangazi wa Lumakanda, ambaye anasemanga kazi ya ofisi ni kukaa tu. Aje akae yeye. Japheth aambiwe nitakuwepo.

Nikishuka stendi na mfuko mmoja, mjue mkuu amekubali. Nikishuka na sanduku, godoro na jiko, msiniulize kitu mbele ya wakwe. Nipeni chai kwanza.

Ni mimi binti yako,
Selina