Breki za Kona ya Nne

3 Machi

Kaka Fundi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mke wangu mafua yamemshika. Goti lako linaendeleaje? Ningepiga simu, lakini namba yangu umeifungia tangu mwaka jana, kwa hiyo naandika kama watu wa zamani.

Tarehe ishirini na moja chama chetu cha baiskeli kinapanda mlima tena, na mawingu unayaona mwenyewe. Breki za baiskeli yangu zimelegea. Mke wangu ataileta pamoja na barua hii. Nakuomba uzitazame, maana kuteremka zile kona kwenye mvua bila kazi ya mkono wako siwezi. Hakuna anayetengeneza breki kama wewe.

Yaliyopita tuyaache, kaka. Ilikuwa mvua tu.

Mdogo wako,
Kishada

10 Machi

Mdogo wangu Kishada,

Marahaba. Mkeo mpe pole, anywe vitu vya moto. Goti langu linajua mvua kabla ya redio. Asante kwa kuuliza baada ya mwaka mzima.

Mvua tu? Tulikuwa wawili. Kona ya nne ukanichomekea ili ufike chini wa kwanza, gurudumu lako la nyuma likapiga langu la mbele, nikaingia mtaroni. Uligeuka, ukaniona, ukakanyaga pedali. Kisha kule chini ukawaambia watu, "Breki za Fundi zimekataa." Mimi, ambaye breki ndizo zinazonilisha. Hata mkwe wangu sasa anapeleka baiskeli yake upande wa pili wa soko, na akipita hapa karakanani anajifanya anafunga kamba za viatu.

Na wewe yako unaniletea mimi. Kumbe siku zote ulijua breki zangu hazina kasoro.

Sikufichi, nimekuchukia mwaka mzima, na chuki yenyewe imeninenepesha. Mwambie mkeo aje aichukue. Breki nimezishughulikia mwenyewe, mlango nikiwa nimeufunga. Ukifika kona ya nne utanikumbuka.

Kaka yako,
Fundi

16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mke wangu amepona, mimi ndiye silali vizuri. Umezifanya nini breki zangu? Hapa uani zinashika, lakini uani si mlimani. Nilitaka kumpelekea fundi mwingine, ila akiniuliza naogopa nini, nitamwambia nini? Kwamba nilimwangusha mtu?

Nijibu, hata neno moja.

Mdogo wako

23 Machi

Kishada,

Marahaba. Sikukujibu kwa makusudi.

Juzi mlimani nilianza safari nyuma yenu wote, na goti langu hilo hilo, mvua ikimwagika. Kona ya nne nikakukuta unateremka kwa miguu, unaikokota baiskeli kama mtu anayerudisha mbuzi wa jirani, wenzako wanakupita wakicheka. Nikasimama. Nilitaka ujue kwamba mtu husimama.

Nikakuachia yangu, nikapanda yako. Niliteremka nayo kona zote zilizobaki bila kuweka mguu chini, na pale darajani walipokuwa wakingoja nikafunga breki mara moja tu. Ilitulia mbele ya mkwe wangu, maji yakamrukia usoni.

Breki zilikuwa nzima. Raba mpya, waya mpya, sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Kilichokuteremsha kwa miguu ni kile ulichonifanyia. Nami nimefurahi, nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo kama wewe.

Baiskeli yako iko mlangoni kwangu. Barua yako ya tarehe tatu nimeifunga kwenye usukani, na wateja wanaisoma. Njoo Jumamosi mchana, watu wakiwa wamejaa, useme kwa mdomo wako ni nani aliyeniangusha, uichukue.

Kaka yako,
Fundi

14 Aprili

Kishada,

Natumaini u mzima, maana Jumamosi tatu zimepita sijakuona.

Jana mkeo alinirudishia baiskeli yangu. Akasema umeacha michezo, kazi zimekuzidi. Akataka kuondoka na ya kwako, ndipo akaiona barua kwenye usukani. Akaisoma. Akauliza ilikuwaje, nikamweleza. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza jambo moja: "Alikuona ukiwa umelala mtaroni?"

Nikamwambia ndiyo.

Baiskeli hakuichukua. Alisema ataenda kukuuliza mwenyewe, jikoni, mkiwa wawili. Kwangu ungesema mara moja ukaondoka; yeye unaishi naye.

Kaka yako,
Fundi