Kitundu Mbele ya Sikio

Jumatatu, 4 Agosti
Na bado nasema kile kitundu mbele ya sikio la Salim ni kizuri kuliko hina yangu yote. Kidogo, kama kimetobolewa kwa sindano. Nimekibusu tena asubuhi kabla hajaenda kazini Shimanzi. Akacheka, akachelewa. Wiki tatu za ndoa, na bado natabasamu peke yangu jikoni kama mwehu.

Mchana mama mkwe akanipeleka Ganjoni. Bibi harusi hutembezwa nyumba zote za ukoo kuamkia, leo ilikuwa kwa kakake Salim. Binti yao Nasra, miaka sita, ana figo ndogo tangu kuzaliwa. Wanasema mamake, akiwa na mimba yake, alitoka nje mwezi ulipopatwa. Nikamsuka nywele. Ana kitundu kile kile.

Jumatano, 6 Agosti
Tononoka, kwa wifi Rukia, dadake Salim. Biriani tamu, nimekula mpaka nikaona haya. Mwanawe Twaha, miaka minne, hasikii. Hapa wanasema ni kijicho. Nikampakata. Vitundu viwili, sikio hili na hili.

Halua sikuigusa.

Alhamisi, 7 Agosti
Figo Ganjoni, masikio Tononoka. Kila nyumba imeficha lake. Nani mwingine amezunguka zote wiki moja akishika vichwa vya watoto? Ni mimi tu.

Nimemwambia Salim. Akajishika sikio. Kisha akasema marehemu babake pia alikuwa nacho. Nampenda zaidi. Na naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefuatana na mamake Nasra kwa daktari wao. Nikamuuliza waziwazi. Akasema masikio na figo huumbika karibu wakati mmoja tumboni, na ziko koo ambazo kasoro moja ya kurithi hugusa vyote viwili. Hawezi kuthibitisha bila vipimo. Lakini mtoto asiyesikia na mwenye vitundu vile apigwe picha ya figo.

Twaha hajawahi kupigwa picha hiyo. Basi atapigwa.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeharibu. Nilimwambia Rukia, mbele ya mama mkwe na wageni, ampeleke Twaha akapigwe picha ya figo. Akanigeukia:

"Bibi harusi, umekuja kuolewa au kukagua watoto wa watu? Hina haijakutoka mikononi, ushakuwa daktari."

Wageni wakacheka. Mama mkwe akasema ya ukoo hayasemwi sebuleni. Nililia msalani. Kisha nikanawa uso. Siachi.

Jumanne, 12 Agosti
Salim aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa dadake peke yake. Amenisimulia. Alikishika kidole cha Twaha, akakiweka kwenye kitundu chake mwenyewe, kisha kwenye cha mtoto. Akasema, "Dada, si kijicho. Ni sisi."

Rukia akampakata mwanawe, akampapasa masikio yote mawili.

Mume wangu huyu. Mola aliniona.

Ijumaa, 22 Agosti
Rukia alimpeleka. Figo moja ya Twaha ni ndogo mno, nyingine inafanya kazi ya mbili. Imejulikana mapema, daktari ataifuatilia. Salim atapimwa wiki ijayo, na watoto wetu tutawapokea tukijua.

Rukia hajaniongelesha. Ila leo alasiri ameleta sahani ya mkate wa sinia, bila neno. Bado una moto.

Sahani ya watu hairudi tupu. Nitaijaza vitumbua, niipeleke Tononoka kwa mkono wangu kabla mwezi haujaisha.